Tone Moja la Mafuta ya Cherehani

Mtaa wa Mirongo,
Nyuma ya kinyozi Chenge,
Mwanza.
Jumapili, 17 Agosti 2025.

Mpendwa Shangazi Dorotea,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, maana ile ya kwanza ni yangu na hii ya pili ni ya Getruda, aliyesimama nyuma ya bega langu kuhakikisha mume wake haandiki uongo. Nimemwambia barua isiyotiwa chumvi ni kama dagaa wasiotiwa chumvi: unaweza kuwapokea, lakini nani atawala? Amecheka, ameenda jikoni. Sasa naandika kwa nafasi.

Goti linasemaje? Nauliza goti lenyewe kwa sababu mwenye goti atasema "sijambo" hata akiwa amelala chini. Na Mzee Paulo, kifua kimepoa au bado anakohoa asubuhi? Na baridi ya Songea? Mimi nimetembea dunia, shangazi. Kisumu nimefika, Bukoba ndiyo usiseme, Kampala nimeingia mara mbili na kupotea mara moja tu. Lakini baridi kama ile niliyoikuta kwako mwezi wa saba sijaiona popote. Nilinawa uso asubuhi nikadhani nimepigwa kofi.

Sisi huku tu wazima. Mgongo wa Getruda umetulia tangu aache kubeba ndoo za maji na kuanza kunibebesha mimi. Upepo wa Agosti unakusanya vumbi la mji mzima na kulileta Mirongo, sijui nani aliuambia huku kuna jaa. Kivuko kinakwenda Nansio na kurudi, na mimi bado niko kule chini kwenye injini na ndoo yangu ya grisi. Abiria wakishuka wanamshukuru nahodha. Nawaacha tu. Vitu vikubwa hukaa chini, hata msingi wa nyumba hakuna anayeupigia makofi.

Ulisema simu inakupigia kelele sikioni, na kwamba barua mtu anaweza kuirudia. Basi tafuta miwani, ukae vizuri, hii utairudia.

Kichupa chako cha mafuta ya cherehani kilifika. Kondakta wa basi alikitoa ndani ya soksi ya kijivu, ambayo niliitambua kwa tundu la kidole gumba kuwa ni ya Mzee Paulo, na hakuna hata tone lililomwagika. Getruda ameifua soksi na kuliziba tundu. Asante sana, shangazi. Mimi nilikuomba ushauri, nikajua utanicheka na kukata simu. Kumbe ulijikongoja na goti lile mpaka stendi kunitumia na mafuta yenyewe. Nilipoambiwa na Mzee Paulo kwamba ulikataa mtu mwingine akupelekee, nilikwenda kukaa nje peke yangu, na unajua mimi kukaa peke yangu ni ugonjwa.

Sasa nikueleze kichupa kimefanya kazi gani, maana Mzee Paulo lazima amekuuliza jitu zima lenye mjukuu linafanya nini na vigari vya kuchezea.

Pale kwa Chenge kinyozi, kila Jumapili baada ya misa, wanaume tunashindanisha vigari. Ni vile vya chuma vya watoto, vidogo kama kiberiti, vinavyouzwa barabarani pamoja na pini na betri. Chenge ameegesha mbao mbili ndefu kwenye lile jiwe kubwa lililobanana na kibanda chake, zinateremka mpaka uani. Vigari vinaachiwa juu, vinashuka vyenyewe, cha kwanza kufika chini kimeshinda. Vigari vyote ni vya namna moja. Huruhusiwi kuongeza uzito, huruhusiwi kubadili magurudumu. Unachoruhusiwa ni kuchagua mafuta ya kutia kwenye vile vyuma vyembamba vinavyoshika magurudumu, basi. Kwa hiyo ukitaka kusema kweli, pale hatushindani kwa magari, tunashindana kwa mafuta.

Ungewaona watu wazima! Chenge anatumia mafuta ya mashine ya kunyolea. Fundi viatu anapaka mafuta ya mgando ya watoto, kigari chake kinanukia kama kinapelekwa kubatizwa. Kuna bwana mmoja alikuja na samli ya kwao Magu. Ilikwenda vizuri hadi jua lilipofunikwa na wingu, samli ikaganda, kigari kikasimama katikati ya ubao kama kimekumbuka kitu nyumbani.

Mimi siku ya kwanza niliwatazama nikawahurumia. Nikawaambia, ndugu zangu, miaka yote hii nalainisha injini inayovusha ng'ombe, magunia na maaskofu. Kuanzia Nansio mpaka Bukoba hakuna mtu anayejua mafuta kama mimi. Maneno hayo niliyasema kwa sauti ya kusikika sokoni. Sikuangalia ni nani alikuwa kwenye kiti ananyolewa. Alikuwa mkwe wangu.

Hapa lazima nikurudishe nyuma kidogo. Unajua Rose wetu alijifungua mtoto wa kike mwezi wa sita, wewe mwenyewe ulipiga vigelegele kwenye simu mpaka ikakatika. Unajua pia kwamba jina la mtoto linatoka kwa ukoo wa baba. Baba ni Anatory, na anayesemea ukoo wao ni mzee wake, Rwehumbiza, mwalimu mkuu mstaafu wa Muleba aliyehamia hapa Mwanza, mtu wa migomba, kahawa na miwani mbili: ya kusomea, na ya kukutazamia wewe unayesoma vibaya.

Usichokijua ni kwamba nilikwenda kumwomba. Nilivaa koti, shangazi, kwenye joto lile. Nilimwomba mtoto aitwe Kabula, jina lako la nyumbani. Nilifanya hivyo kwa sababu sisi wanne uliotulea tumezaa, tumewapa watoto majina ya waliokufa na majina ya watakatifu, na wewe uliye hai hakuna aliyekuita. Hakuna mtoto hata mmoja chini ya jua mwenye jina lako. Mimi ni mtu wa mzaha, lakini jambo hilo lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa sato.

Mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kahawa, hakusema ndiyo wala hapana. Akasema atafikiri. Mwalimu akisema atafikiri, unaweza kuzeeka umekaa kwenye dawati. Wiki zikapita. Mtoto akawa anaitwa "mtoto".

Na mkwe hataniwi, hilo ulinifundisha mwenyewe, tena si kwa maneno. Siwezi kumwambia Mzee Rwehumbiza neno la mchezo, naye hawezi kuniambia. Lakini mashindano bila maneno ya kuchokozana ni kama ngoma bila miguu. Kwa hiyo kijiweni tukabuni utaratibu. Yeye anasema kupitia Adventina, mama wa kwao Muleba anayeuza kahawa na senene wa kukaanga mlangoni kwa Chenge. Si ndugu yake, kwa hiyo ana ruhusa ya kunisema atakavyo. Mimi nasema kupitia Ngosha muuza samaki. Tunakaa benchi moja na mkwe, magoti yanagusana, lakini maneno yanazungukia kwa watu wengine.

Basi siku ile mkwe alisubiri Chenge amalize kisogo, akavaa miwani ya kututazamia, akageuka.

"Adventina, mwambie mkwe wangu nimemsikia."

"Baba Rose, umesikika," Adventina akaniambia, kwa sauti kama niko ng'ambo ya ziwa.

"Mama," Ngosha akadakia kabla sijafungua mdomo, "mwambie Mwalimu kusikia si kazi. Kazi ni kuleta gari."

"Mwambie mkwe wangu gari ninalo. Mwambie alete na yeye. Mafuta yake yakiyashinda ya kwangu, jina la mtoto namwachia. Nikimshinda mimi, jina linabaki kwetu na asiniombe tena."

Chenge akazima mashine. Kijiwe kizima kikanitazama mimi, mtaalamu wa mafuta wa kanda ya ziwa.

"Ngosha," nikasema, "mwambie mkwe wangu nimekubali." Sauti ilitoka ndogo, nikakohoa ili waidhani ni vumbi.

Nilianza na nilichokijua. Nilichukua grisi ya kivuko, ile nyeusi nzito, nikapaka kwa kijiti, nikaegesha ubao wa kukatia mboga kwenye ndoo na kukiachia kigari. Hakikuondoka. Nikakisukuma kwa kidole. Kikaenda shubiri moja, kikasimama, kikashika ubao kama kupe. Getruda akaniuliza kama ndiyo kimefika Nansio tayari. Hapo nikajifunza kwamba grisi iliyozoea kubeba ng'ombe haijui kubeba kitu kama karanga. Inakikumbatia tu.

Nikarudi kwenye ya nyumbani. Unajua nyumba ya mtu wa ziwani haina kitu ambacho hakijapakwa mafuta ya sangara. Bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, miguu ya watoto wakati wa upepo, vyote ni sangara. Niliyayeyusha juani, nikayachuja kwa kitambaa, nikatia. Shangazi, kigari kiliruka! Niliita majirani waje waone. Nilisema maneno mengi ambayo sasa nisingependa yarudiwe. Kisha nikakiweka dirishani kipate hewa.

Jioni ile ile wakaja wale wadudu wa ziwani, wanaonyanyuka majini kama moshi na kuingia mpaka kwenye chai. Asubuhi nilikuta kigari kimevaa sweta. Mabawa na vijiguu vyao vyote vimenasa kwenye magurudumu, mafuta yenyewe yameanza kunata kama gundi, na upande mmoja paka wa jirani amelamba hadi rangi. Kosa kama hilo mtu wa Dodoma hawezi kulifanya hata akitaka. Atawapata wapi sangara na wadudu kwa pamoja?

Ndipo nikakupigia. Ulicheka kwanza, ukakohoa, ukacheka tena. Halafu ukasema, "Machibya, kitu kidogo usikilishe kama ng'ombe. Tone moja kwa ncha ya sindano, zungusha, futa, halafu jifanye umesahau." Nikadhani ni mzaha wa mtu mzima. Soksi ilipofika nikajua ulikuwa unasema kweli.

Nilikisafisha kigari kwa maji moto na sabuni, nikakikausha, nikafanya kama ulivyosema, na kujifanya nimesahau ndiko kulikonishinda zaidi. Kikashuka. Hakikuruka kama cha sangara, kilishuka tu, na hakikutoa sauti. Hilo lilinitisha. Vigari vingine vyote vinalia kidogo vikishuka. Hiki kilipita kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

Mashindano yalikuwa Jumapili iliyopita. Watu walijaa uani kwa Chenge mpaka wengine wakapanda juu ya mawe. Rose alikuja na mtoto mgongoni, akakaa mbali, maana hajui amshangilie baba yake au baba mkwe. Mzee Rwehumbiza alikuja na kigari chekundu ndani ya leso, na kopo la kupulizia, lile la kufungulia nati zilizoshika kutu. Alikuwa amesoma maandishi yote ya ubavuni, mpaka anwani ya kiwanda.

Tulikubaliana mbio tatu, mwenye mbili ndiye mshindi. Ya kwanza nilishinda mimi. Ngosha aliruka akaangusha ndoo ya sato wake.

"Adventina! Mwambie Mwalimu hiyo ilikuwa somo la kwanza, kesho aje na daftari!"

"Na wewe mwambie Baba Rose jogoo hawiki akiwa bado ndani ya yai!"

Mkwe hakutikisika. Alichukua kopo akapulizia. Akaangalia, akapulizia tena, mpaka kigari kikalowa chepechepe. Mbio ya pili akashinda yeye, kigari chake kilishuka kinatiririka kama kimetoka kuoga. Adventina akawagawia watu senene bure, jambo ambalo halijawahi kuonekana Mirongo.

Lakini kile kigari kilipofika chini kilibingirika uani, kimelowa, kwenye vumbi la Agosti. Chenge alipokiweka juu kwa mbio ya mwisho, akayajaribu magurudumu kwa kidole kama anavyoyajaribu ya kila mtu. Hayakuzunguka. Vumbi na yale mafuta vimekuwa tope, tope limeziba kila kitu. Na sheria ya Chenge ni kwamba kigari kisichozungusha magurudumu kimeshindwa hapo hapo.

Watu wakapiga kelele. Ngosha akaninyanyua juu, mimi na kitambi changu. Mkwe alivua miwani, akawa anaifuta kwa ile leso iliyokuwa na kigari, anazidi kuichafua. Hakubisha.

Hapo, shangazi, jina lako lilikuwa mkononi mwangu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Lakini nikajiuliza, nitawasimulia nini kule kivukoni? Kwamba mimi Machibya nilishinda gari lililolala? Hiyo ndiyo fikra ya kwanza, nakuambia kweli, ilikuwa ya kujipenda. Ya pili ilikuja nilipomwona Rose. Nikafikiri, mtoto huyu atakuja kuuliza jina lake liliingiaje kwa wazee wake, na tutamwambia liliingia kwa sababu babu yake alizidisha mafuta. Jina lako, wewe, liingie nyumba ya watu kwa mlango wa uani kama kuku aliyepotea? Hapana. Nikamwambia Ngosha anishushe.

"Mpelekee mkwe wangu hiki kichupa," nikasema. "Mwambie afute ya kwake yote kwa kitambaa kikavu. Kisha tone moja kwa ncha ya sindano, azungushe, afute."

"Sipeleki."

"Ngosha."

"Umelogwa? Umeshashinda, bwana! Peleka mwenyewe, mimi nina akili zangu."

Basi nikainuka. Hatua ni chache kutoka upande wangu wa benchi hadi kwake, lakini sijawahi kuvuka ziwa refu kama lile. Nikampa kichupa kwa mikono miwili.

"Mkwe," nikasema, "ni tone moja tu."

Akanitazama. Akapokea kwa mikono miwili. "Asante, mkwe."

"Haa!" Adventina akasema. "Kwa hiyo mimi nimefukuzwa kazi?"

Watu wakacheka, hata Chenge, ambaye akiwa mwamuzi huwa hacheki. Mkwe akafuta, akatia, akafuta. Mwalimu ukimpa maagizo anayafuata kuliko aliyeyatoa. Vigari vikaachiwa. Vyote viwili vilikuwa na mafuta yako, kwa hiyo hakuna kilicholia. Tulisikia tu watu wakivuta pumzi.

Cha kwake kilitangulia kwa upana wa ukucha.

Nimeshindwa jina lako kwa mafuta yako mwenyewe, shangazi. Nilicheka na wenzangu, nikampa Chenge mkono, nikasema nimemwachia mzee, na maneno mengine ya namna hiyo. Lakini Getruda alinishika kiwiko, naye hanishiki kiwiko mbele ya watu bila sababu. Ngosha hajanisamehe mpaka leo. Alhamisi aliniuzia sato mwembamba kama kijitabu.

Watu walipoanza kutawanyika, mkwe alikuwa bado amekaa na kichupa mkononi. Akaniuliza, bila kupitia kwa mtu, "Haya mafuta ni ya nani?"

Nikamwambia. Najua hupendi yasimuliwe, lakini nilimsimulia. Nikamwambia kwamba baba alitangulia, kisha mama akafuata, na wazee wakakaa uani kule Sengerema kutugawa. Luhaga aende kwa baba mkubwa, Bernadeta kwa watu wa Magu, mimi kwa bwana wa Geita aliyetaka mtu wa kuchunga ng'ombe, na Pius, ambaye hata meno alikuwa hajaota, hakuna aliyemtaka. Nikamwambia ndoa yako ilikuwa imeshatangazwa kanisani na ng'ombe wa mahari wako zizini. Ukasimama katikati ya wanaume ukasema, "Hawa hawagawanywi, na anayetaka kuwagawa aanze na mimi." Ukamwambia Mzee Paulo asubiri au aje achukue ng'ombe wake. Nikamwambia alisubiri mpaka Pius akaanza shule, na siku ya harusi sisi wanne ndio tulioshika shela, Pius akalikanyaga. Na nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba mlipooana umri ulikuwa umekwenda, na mtoto wa kwenu hakupatikana.

Mkwe alikigeuzageuza kichupa. Chenge alifagia nywele zote, akafagia na pale palipokwisha kufagiwa. Kisha mzee akavaa miwani.

"Adventina, nakurudishia kazi yako. Mwambie mkwe wangu jina nimelishinda mimi, tena mbele ya watu. Kwa hiyo ni langu kutoa, na hakuna wa kusema amenishinda wala amenibembeleza. Mwambie kwamba mtoto wa Anatory nampa jina Kabula."

Adventina akafungua mdomo.

"Sijamaliza. Mwambie na hili. Nyumbani kwangu jina la mtu aliye hai hatuliazimi nyuma ya mgongo wake. Mwenyewe aje ampakate mtoto, amwite mara ya kwanza kwa kinywa chake. Kabla ya hapo mtu yeyote asimwite kwa jina hilo, hata mimi."

Adventina akanigeukia. Mama yule ana maneno ya kujaza lori, shangazi, lakini yalimwishia. Akasema tu, "Umesikia mwenyewe," akaanza kukunja mkeka wake huku anajifuta kwa khanga.

Watu huniambia, Machibya, unajisifu mno. Ni kweli. Nimelelewa na mtu asiyejisifu hata kidogo, kwa hiyo sifa zilibaki nyingi pale nyumbani bila mwenyewe, nikazichukua zote. Leo nataka kukurudishia baadhi. Asante kwa tone la mafuta. Asante kwa kusimama pale uani. Ningekuwa mchunga ng'ombe wa Geita, na nisingejua kama nina ndugu.

Sasa hali ni hii. Padre ameuliza lini tunabatiza, mkwe amemjibu mwenye jina yuko njiani. Sijui kwa nini mwalimu mzima amemdanganya padre, ila usimwache na dhambi hiyo kwa muda mrefu. Anatory amepata likizo mwezi ujao, atakuja mwenyewe Songea kuwachukua wewe na Mzee Paulo. Mtapumzika Dodoma kwa Pius mpaka goti liseme twende. Rose ameshatandika kile chumba cha upande wa ziwa. Usiseme utaona. Ukisema utaona, utakuwa umefanya kama mwalimu anayefikiri.

Msalimie sana Mzee Paulo, mwambie soksi yake ataikuta huku. Wasalimie majirani wako wote wanaokusogezea kiti kanisani. Luhaga na Bernadeta wanakuamkia. Getruda anakuamkia tena, Rose na Anatory vilevile, na Mzee Rwehumbiza anatoa heshima zake. Mtoto ana mashavu mawili na sauti ya honi ya kivuko. Kwa sasa tunamwita Mgeni. Salamu zake hajazituma, maana hajui bado aseme ni nani anayesalimu.

Mungu aliyekupa mikono isiyomwaga tone akushike kila kona ya barabara mpaka ufike mlangoni kwetu.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye kuliko kalamu hii inavyojua kusema,

Machibya.